Msafara Uliopita Juu ya Karatasi

Mwaka 1518 Kaizari Maximilian I alifika Innsbruck, mji aliokuwa akiupenda sana, na wenye nyumba za wageni wakakataa kuwapokea watu na farasi wake. Safari zilizotangulia watu hao walikula, wakalala, wakaondoka bila kulipa; safari hii wenyeji walitaka kwanza deni la zamani. Wakati huohuo, kule Augsburg, mafundi walikuwa wakichonga mbao kwa ajili ya msafara mwingine wa Kaizari huyohuyo, na huo haukupungukiwa na kitu. Ulikuwa na wapiga tarumbeta juu ya farasi, magari yaliyobeba wanamuziki, wawindaji, wapiganaji wa mikuki, wabeba bendera za kila jimbo alilolitawala na mengine aliyotamani tu kuyatawala, mateka, tembo, na mwishoni kabisa mkia mrefu wa watu wa mizigo. Maximilian mwenyewe ndiye aliyeupanga mwaka 1512, akimtajia katibu wake Marx Treitzsaurwein nani atangulie na nani afuate. Waliopewa kazi ya kuuchora walikuwa miongoni mwa wasanii wakubwa wa zama zao: Hans Burgkmair, Albrecht Altdorfer, Albrecht Dürer. Vipande vya mbao vilizidi 130. Ukizibandika karatasi zake moja baada ya nyingine unapata msafara wenye urefu wa mita 54 hivi, na msafara huo haukupita katika barabara yoyote ya dunia hii.

Maximilian alifariki Januari 1519 na kazi ikasimama. Karatasi zilikuja kuchapwa mwaka 1526 kwa amri ya mjukuu wake Ferdinand, na vibao vilivyoachiwa nafasi ya mashairi vikabaki bila neno. Huyu alikuwa mtawala ambaye hata taji la Papa hakulivaa: mwaka 1508 Waveneti walimzibia njia ya kwenda Roma, akajitangaza Kaizari mteule akiwa Trento, nusu ya safari. Alichokikosa barabarani alikitafuta karatasini. Tao lake la ushindi, lililobuniwa na Dürer pamoja na wenzake, lilichapwa kwa vipande 195 vya mbao juu ya karatasi 36, likafikia kimo cha mita tatu na nusu. Seti zipatazo 700 zilitolewa mwaka 1517 na 1518 ili zibandikwe kwenye kuta za majumba na kumbi za miji. Tao la mawe lingesimama katika mji mmoja na lingemfilisi. Hili la karatasi lilisimama katika miji mingi kwa wakati mmoja, na fundi mwashi hakudai hata senti.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu kinaweka wazi jambo ambalo picha nyingine za jamii yake hulificha. Picha za chapa za kale zinazoonyesha wafalme wakivikwa taji, misafara ikipita na fataki zikipasuka juu ya mito, leo hutundikwa katika hoteli na ofisi kama vile ni picha za kamera za enzi ambazo kamera haikuwapo. Mtu huziangalia akasema: kumbe ndivyo ilivyokuwa. Hoja yangu ni kwamba picha hizi ni sherehe ya pili, iliyofanywa kwa wino, kwa ajili ya watu ambao siku yenyewe hawakuwapo, tena kwa gharama ya mtu aliyekuwa na jambo la kuthibitisha. Mwamba ngoma huvutia kwake. Anayezisoma hana budi kwanza kuuliza ngoma hii ilikuwa ya nani, ndipo aanze kuhesabu farasi.

Ufundi wenyewe unachangia jambo hili, na unafaa kuelezwa japo kwa ufupi. Chapa ya mbao hufanya kazi kama muhuri wa ofisi: fundi hukwangua sehemu zitakazobaki nyeupe, sehemu iliyoinuka hupakwa wino, kisha hukandamizwa juu ya karatasi, na kila kitu huchorwa kinyume ili kitoke sawa. Chapa ya shaba ni kinyume chake. Mistari huchimbwa ndani ya bamba kwa kalamu ya chuma, au huliwa na tindikali. Wino huingia kwenye mifereji hiyo, uso wa bamba hufutwa, na mashine yenye rola nzito huibana karatasi iliyoloweshwa mpaka iuvute wino kutoka ndani. Kazi ya namna hii huchukua miezi, pengine miaka, na hula fedha nyingi kabla nakala ya kwanza haijauzwa. Matokeo yake ni mawili. Picha za fahari, zile kubwa zenye jalada la ngozi, zilitoka muda mrefu baada ya sherehe, wakati kila mwenye kasoro alikuwa amekwisha kusahihishwa. Na zile za bei rahisi, za kuuzwa siku hiyohiyo mitaani, ilibidi zichongwe kabla sherehe haijafanyika. Mwingereza William Hogarth aliicheka tabia hiyo katika mfululizo wake wa mwaka 1747 juu ya wanafunzi wawili wa ufumaji, mmoja mchapakazi na mmoja mvivu: mvivu yumo garini akipelekwa kunyongwa, bado yu hai, na mwanamke pembeni tayari anatembeza karatasi zenye maneno yake ya mwisho.

Ufaransa waliifanya sherehe hii ya wino kuwa shughuli ya serikali. Tarehe 5 na 6 Juni 1662, mbele ya jumba la Tuileries jijini Paris, Louis XIV aliandaa michezo ya farasi kusherehekea kuzaliwa kwa mrithi wake. Yeye alivaa kama mtawala wa Roma. Ndugu yake aliongoza kikosi cha Waajemi, na wakuu wengine wakaongoza cha Waturuki, cha Wahindi na cha Waamerika. Wote walikuwa Wafaransa watupu ndani ya manyoya na vito. Mchezo mmoja ulikuwa kupiga mbio kwa farasi na kuangusha kwa mkuki vichwa vya bandia vya Mturuki, vya Mwafrika na vya Medusa. Kitabu chake, chenye maneno ya Charles Perrault na picha za Israel Silvestre na François Chauveau, kilitoka mwaka 1670, miaka minane baadaye, na vitabu vya namna hiyo vilitolewa zawadi kwa mabalozi na wafalme wa nje. Mfalme wa nchi ya mbali, ambaye hakuliona hata vumbi la farasi wale, alifungua kurasa na kuona dunia nzima ikizunguka jua moja lililokuwa Paris. Hapo ndipo mchezo ulipofanya kazi uliyotengenezewa.

Mtu anaweza kunipinga hapa, na pingamizi lake lina uzito. Atasema: Maximilian alikuwa akiota ndoto na Louis alikuwa akicheza, lakini ziko picha zilizotengenezwa na watu waliokuwapo, waliopima kwa futi na kuhesabu kwa vidole. Mfano bora ni kitabu cha Francis Sandford juu ya kutawazwa kwa James II wa Uingereza. Sandford alikuwa mmoja wa maofisa wa mfalme wanaoshughulikia nasaba, nembo na itifaki. Sherehe ilifanyika Westminster tarehe 23 Aprili 1685. Kitabu kilitoka mwaka 1687. Ndani yake yumo kila mtu aliyetembea katika msafara, kwa cheo, kwa vazi, kwa kitu alichokibeba mkononi. Kuna mpangilio wa kanisa na picha ya karamu katika ukumbi mkubwa, na hata vyakula vilivyokuwa mezani vimeorodheshwa. Sijui kitabu kingine cha zama hizo kinachokishinda kwa uangalifu wa aina hii.

Lakini hebu tuutazame uangalifu huo ulikuwa wa nini. James alikuwa Mkatoliki anayetawala nchi ya Waprotestanti, na watu wengi wenye nguvu walikuwa wamejaribu kumwondoa katika urithi kabla hajaupata. Katika ibada ya kutawazwa aliagiza sehemu ya ushirika mtakatifu wa Kianglikana iondolewe, kwa kuwa dhamiri yake haikumruhusu kuipokea. Inasimuliwa pia kwamba taji liliyumba kichwani mwake, mtu akalazimika kulishika lisianguke, na wenye kupenda ishara wakatikisa vichwa. Katika mabamba ya shaba ya Sandford hakuna kinachoyumba. Mabwana na mabibi wanapita safu kwa safu, kila mmoja mahali pake, na maana ya picha ni hiyo hasa: kwamba kila mtu nchini ana mahali pake na amekubali kusimama hapo. Usahihi wenyewe ulikuwa hoja. Ukimchora lodi fulani kwa jina lake, akiwa na vazi lake, nyuma ya mfalme fulani, umemfunga. Bahati mbaya kamba ilikuwa ya karatasi. Mwishoni mwa 1688, mwaka mmoja tu baada ya kitabu kutoka, wengi wa watu wale walimwacha James naye akakimbilia Ufaransa. Sandford alikataa kumtumikia mfalme mpya, akajiuzulu, na mwaka 1694 alifariki akiwa gerezani Newgate kwa sababu ya madeni. Msaidizi wake katika kazi ile, Gregory King, ndiye aliyechukua cheo chake.

Kuna njia nyingine ya kuzitetea picha hizi, na mimi naiona ya kuvutia zaidi. Aliyewahi kusimama kando ya barabara kungoja kiongozi apite anajua kwamba haoni msafara. Anaona mgongo wa mtu aliye mbele, ncha ya bendera, kofia, halafu vumbi. Picha ya chapa ndiyo pekee inayouonyesha msafara mzima, kuanzia mpiga ngoma wa kwanza hadi askari wa mwisho. Kwa hiyo, mtetezi atasema, picha ni ya kweli kuliko jicho. Nakubali nusu. Ni kweli kwamba inaonyesha kitu ambacho hakuna aliyekiona, lakini tujiulize ni nani angekiona hivyo. Mchoraji anasimama juu hewani, au anaukunja msafara kama nyoka ili uenee kwenye ukurasa mmoja. Mtazamo huo si wa muuza samaki aliyebanwa kwenye umati, wala si wa mwizi wa mifukoni. Ni wa mpangaji wa sherehe aliyeishika orodha. Umati wenyewe, ukionyeshwa, umepangwa kama matofali. Hogarth, katika picha ya mwisho ya mfululizo niliotaja, alimchora yule mwanafunzi mchapakazi akipita kwa fahari kama Meya wa London, na pembeni akawaweka askari wa mgambo waliolewa, watu wanaosukumana, na vurugu tele. Hakulipwa na meya yeyote. Ndiyo maana tunaziona chupa.

Nani alilipa si swali la kejeli. Mara nyingine jibu lake limeandikwa. Mwaka 1820, mwaka aliorithi ufalme, watu wa George IV wa Uingereza walimlipa mchora vibonzo George Cruikshank pauni 100 ili aahidi kutomchora mfalme katika hali ya aibu. Mwaka uliofuata, tarehe 19 Julai 1821, George alitawazwa kwa sherehe iliyogharimu mamia ya maelfu ya pauni. Mkewe Caroline, ambaye George alikuwa amejaribu kumtaliki mbele ya Bunge akashindwa, alifika Westminster asubuhi ile kudai nafasi yake kama malkia, akafungiwa milango. Wiki tatu baadaye alikufa. Kitabu cha fahari cha sherehe hiyo, kilichosimamiwa na Sir George Nayler, kina mavazi, rangi na dhahabu kwa wingi wa kuchosha macho. Nayler mwenyewe alifariki mwaka 1831 kabla hakijakamilika, na kikamalizwa na wengine mwishoni mwa muongo huo. Anayetafuta mlango uliofungwa ahangaike kwingine, katika vile vibonzo vya bei rahisi vilivyokuwa vikiuzwa madukani na ambavyo mfalme alishindwa kuvinunua vyote.

Mpaka hapa nimezungumzia wafalme waliojichoresha wenyewe. Picha za sherehe za Kiafrika zilizochapwa Ulaya ni jambo gumu zaidi, kwani mfalme aliyemo kwenye picha siye aliyeilipia. Chukua picha mashuhuri ya kutawazwa kwa mfalme Huffon wa Ouidah, katika pwani ya Benin ya leo. Huffon alikuwa ametawala tangu mwaka 1708, lakini alitawazwa rasmi Aprili 1725. Aliyeshuhudia ni nahodha Mfaransa, des Marchais, aliyekuwa akifanya biashara ya watumwa. Maelezo yake yalitolewa kitabu jijini Paris mwaka 1730 na padri Labat, mtu aliyewahi kuishi visiwa vya Karibi lakini si Afrika. Katika picha mfalme ameketi kwa utukufu, ua umejaa, na wakuu wa vituo vya biashara vya Ulaya wamepewa mahali pao karibu naye. Msomaji wa Paris aliona ufalme imara na washirika wake. Alichokuwa akikitazama hakikuwapo tena. Mwaka 1727 majeshi ya Agaja wa Dahomey yalikuwa yameuteka mji mkuu, Savi, na Huffon alikuwa ametorokea kwenye visiwa vya vinamasi. Picha ilichapwa miaka mitatu baada ya kiti chenyewe kupinduliwa, na imeendelea kuchapwa na kuuzwa hadi leo bila habari hiyo.

Hata shahidi mwenye macho mazuri alikuwa na mzigo wake. Thomas Edward Bowdich alifika Kumasi mwaka 1817 na ujumbe wa kampuni ya Kiingereza iliyosimamia ngome za pwani, akahudhuria sherehe ya viazi vikuu vipya mbele ya Asantehene, yaani mfalme wa Waasante, Osei Bonsu. Picha yake, iliyotoka katika kitabu chake cha 1819, ni karatasi ndefu ya kukunjwa, yenye rangi, iliyojaa miavuli mikubwa, dhahabu, bunduki na ngoma, na katikati bendera za mataifa ya Ulaya. Bowdich aliichora mwenyewe na akaandika maelezo ya nani ni nani. Ni picha ya heshima. Hakuna mtu anayeweza kuiangalia akasema Waasante hawakuwa na dola. Lakini heshima hiyo ilikuwa na kazi. Kampuni ilikuwa ikipigania uhai wake mbele ya Bunge (ilivunjwa mwaka 1821), na Bowdich alihitaji kuwaonyesha Waingereza kwamba alikokwenda kulikuwa na mfalme wa kufanya naye mkataba. Ukuu wa Osei Bonsu ulikuwa wa kweli, na ulikuwa pia stakabadhi ya mjumbe.

Je, basi tuzitupe? Hapa ndipo wasomaji wengine huvuka mpaka kutoka kwenye tahadhari hadi kwenye dharau. Ikiwa mchoraji hakufika, wanasema, picha haifai kitu. Mimi sikubaliani nao, na ninao ushahidi. Mwaka 1668 Mholanzi Olfert Dapper alichapa Amsterdam kitabu kikubwa juu ya Afrika. Dapper hakuwahi kukanyaga bara hili. Alikusanya habari za wafanyabiashara na mabaharia. Ndani yake imo picha ya Oba, yaani mfalme, wa Benin (ufalme wa kale, si nchi ya Benin ya leo) akitoka mjini kwa msafara: wapanda farasi, wapiga muziki, chui waliofungwa minyororo, na nyuma yao mji wenye minara mirefu iliyochongoka, juu ya kila mnara ndege aliyekunjua mabawa. Farasi wanafanana na wa Ulaya, milima ya nyuma ni ya kubuni, watu wamesimama kama katika uwanja wa Uholanzi. Ungeweza kudhani hata ndege ni chuku. Mwaka 1897 jeshi la Uingereza liliivamia Benin na kupora maelfu ya kazi za sanaa za shaba na pembe, na miongoni mwake vilikuwamo vitu vinavyoonyesha paa la jumba la Oba: mnara, chatu akiteremka, na juu kabisa ndege. Wahunzi wa Benin walikuwa wameiweka picha hiyohiyo kwa mikono yao, bila kumsikia Dapper. Ndege alikuwa wa kweli.

Kisa cha ndege kinanifundisha namna ya kusoma. Sehemu ya picha ambayo mlipaji aliijali sana, yaani mfalme, kiti, mpangilio wa wakuu, ndiyo ya kutiliwa shaka kwanza. Sehemu ambayo hakuna aliyefaidika kuidanganya, kama umbo la paa, namna ngoma inavyoshikwa, kitambaa cha mtumishi wa mwisho, mara nyingi imepenya salama. Sisemi ni kanuni isiyovunjika, kwani mchongaji mvivu alinakili mitende ileile kutoka kitabu hadi kitabu. Ila ukilazimika kuweka dau, weka pembeni mwa picha, usiweke katikati.

Karne ya 19 ilipoleta magazeti ya picha, wengi waliamini kwamba udanganyifu umekwisha. The Illustrated London News lilianza tarehe 14 Mei 1842, na toleo la kwanza lilijaa habari za dansi ya mavazi iliyofanywa na Malkia Victoria. Toleo hilohilo lilikuwa na picha ya moto mkubwa uliouteketeza mji wa Hamburg. Gazeti lilichukua chapa ya zamani ya mji huo kutoka British Museum na kuongeza ndimi za moto na moshi. Nakitaja kituko hiki kwa sababu kinaonyesha jinsi picha za habari zilivyopikwa. Mchoro wa haraka ulifika ofisini, msanii wa mjini akauchora upya, kisha ukahamishiwa kwenye ubao mgumu uliogawanywa vipande, kila fundi akachonga chake usiku kucha. Ndivyo ilivyokuwa kwa baraza la Kabaka Mutesa wa Buganda katika kitabu cha msafiri Mwingereza John Hanning Speke cha mwaka 1863: michoro ya Speke na mwenzake wa safari, Grant, ilitengenezwa upya London na Johann Baptist Zwecker, Mjerumani aliyeishi huko. Speke mwenyewe anasimulia jinsi alivyong'ang'ania kukalia kiti chake badala ya kuketi chini kama itifaki ya Buganda ilivyotaka. Mazungumzo yalipita kutoka Kihindustani hadi Kiswahili kwa kinywa cha Sidi Mubarak Bombay, kisha Kiganda kwa kinywa cha mwingine. Lakini ugomvi wa kiti haukuhitaji mkalimani: ni ugomvi uleule wa Sandford na mabwana wake, nani akae wapi na nani aonekane amekaa hapo.

Pwani yetu iliingia katika picha hizi kwa kishindo mwaka 1875, Sayyid Barghash wa Zanzibar alipozuru Uingereza. Miaka miwili nyuma, Juni 1873, alikuwa ametia saini mkataba wa kuzuia usafirishaji wa watumwa kwa njia ya bahari na kufunga soko lao, huku manowari za Kiingereza zikiwa tishio la wazi. Sasa alikuwa mgeni wa heshima, na magazeti ya London yakamchora. Kwa mtu wa London, sherehe zile zilionyesha mtawala wa Mashariki aliyekuja kuona ukuu wa Victoria. Mtu angeweza kuishia hapo na kuhuzunika. Lakini Barghash hakuwaachia wenzake kalamu. Habari za safari hiyo ziliandikwa kwa Kiarabu kwa jina la katibu wake, Zahir bin Said, zikachapwa London na Louis Sabunji, mhariri kutoka Mashariki ya Kati. Katika kitabu hicho ziara ileile inasimuliwa kama safari ya sultani anayepokewa na wakubwa wenzake, anayetazama viwanda, reli na majumba, na kupima kipi kinamfaa. Aliporudi alianzisha kiwanda cha uchapaji Zanzibar, kilichotoa vitabu vya dini vya madhehebu ya Kiibadhi. Mwaka 1883 jumba lake la Beit al-Ajaib lilikuwa limesimama mbele ya bahari, mahali ambapo kila meli ingeliona. Barghash alielewa vizuri kuliko wengi wetu kwamba fahari isiyoonekana na wasiokuwapo ni nusu ya fahari.

Kwa hiyo msomaji, ukikutana na picha ya aina hii katika makumbusho, dukani Mji Mkongwe au ukutani kwa rafiki, usianze na mfalme. Anza chini kabisa, kwenye ukingo, ambako kuna maandishi madogo ambayo wenye fremu hupenda kuyafunika. Jina lililofuatwa na del. ni la aliyechora. Lililofuatwa na sculp. ni la aliyechonga bamba, lenye exc. ni la mchapishaji, mwenye mali. Yakiwa majina matatu tofauti, picha imepita mikono mitatu kabla ya kukufikia. Kama ilitoka Uingereza baada ya mwaka 1735, tafuta pia tarehe: sheria ya hakimiliki iliyopiganiwa na Hogarth na wenzake ilitaka bamba liwe na jina la mwenye mali na siku lilipochapishwa. Ilinganishe tarehe hiyo na siku ya sherehe yenyewe. Na ukiona mkunjo katikati ya karatasi, ujue imekatwa kutoka kitabuni. Muulize muuzaji ni kitabu gani. Asipojua, punguza bei.